Masera Emérance na Pumzi Iliyotangulia Amina

Alizaliwa Bambu mwaka 1961, binti wa mchimba dhahabu, akabatizwa Emérance. Nyumbani walimwita Lotsove. Nisiwadanganye waamini: hakuwa mtoto mpole. Aliuliza maswali hata katikati ya mahubiri, mpaka katekista akachoka naye. Mwaka 1982 aliingia utawani, tukamwita Masera kama tunavyowaita watawa wa kike, akasomea ukunga, akatumwa kwenye chumba kimoja cha uzazi mjini Bunia.

Chumba kile kilikuwa na desturi iliyopendeza machoni pa wote, pangu pia. Mtoto akizaliwa kimya, bila kulia, wakunga waliweka mikono juu yake wakasali mpaka Amina, ndipo wakaanza kumhudumia. Hivyo ndivyo Masera alivyompokea Gaël, mwana wa Véronique wa Bogoro, mwaka 1988. Baada ya sala ndefu mtoto alilia, na vigelegele vikapigwa. Ole wetu! Mwaka ukapita, shingo haijakaza. Kifafa kikamshika, na kifua kikawa kinakoroma kila majira ya mvua. Watu wakasema amelogwa. Masera hakuridhika na jibu hilo, akaomba kurudi shuleni, na mwaka 1999 akarudi kwetu akiwa daktari.

Hapo ndipo zilipoanza daftari zake. Kwa kila mtoto aliyezaliwa kimya aliandika dakika zilizopita kabla ya pumzi ya kwanza. Kisha alimfuata nyumbani miaka miwili, hata Komanda, kwa pikipiki, vita ikiwapo au isiwepo, aone nani ameketi, nani ametembea, kifua cha nani kinakoroma. Baada ya miaka kumi daftari zilisema lile alilokuwa analiogopa: ubongo uliokosa hewa haungoji. Akaipima sala yetu kwa saa ya mkono. Ilichukua dakika nne.

Akaikataza. Akawapa wakunga mpira wa kupumulishia, unaobanwa kwa mkono kumsukumia mtoto hewa, akasema, “Mumupumulishe kwanza. Amina itangoja.” Lo, mji ulichacha! Wengine wakamwambia haraka haraka haina baraka, wengine wakasema masera amepoteza imani kwa kusoma sana. Mwaka 2010 askofu akapelekewa barua ya kuomba aondolewe. Barua ile niliiandika mimi, paroko wake, tena kwa hasira. Angeondoka, sala ingerudi siku ileile, na akina Gaël wengine nyuma yake.

Masera alikuja parokiani, na nyuma yake Véronique, amembeba mgongoni kijana wa miaka ishirini na miwili. Nilipoona miguu ile mirefu ikining'inia, nilikosa mahali pa kuweka macho.

“Padiri,” akasema Masera, “huyu ni mutoto ya sala yangu. Moyo yake ilikuwa inapiga, miye niko nasali. Mungu alikuwa ameisha kunipa mikono, na miye niliifunga.”

Nikamtazama mama. “Alikuja kuniambia yeye mwenyewe,” akasema Véronique. “Nilimukasirikia mwaka muzima. Lakini weye, usituongezee wengine.”

Barua niliifuta juma lile. Tangu hapo katika chumba kile watoto waliozaliwa kimya wengi walilia mapema, wakakaa, wakatembea. Joëlle wa kambi ya wakimbizi, aliyezaliwa amelegea kama kitambaa, leo anaenda shule. Watu walipoita hayo miujiza, Masera alinuna: “Muujiza gani? Ni hewa.” Na kila Jumamosi alikwenda kwa Véronique kumwogesha Gaël.

Mwaka 2022 mapafu yake mwenyewe yalichoka. Alasiri moja pumzi ilimpotea. Tukapiga magoti, nami nikafungua kitabu cha sala. Prudence, mkunga aliyefundishwa naye, akanisukuma. Ndiyo, alinisukuma! “Padiri, ngoja. Tumukalishe kwanza, tumupe hewa.” Nikangoja. Kifua kikatulia, Masera akafungua macho, akanitafuta.

“Sasa, Padiri,” akasema. “Sasa muombe.”

Alifariki kesho yake asubuhi. Kanisa bado halijasema neno juu ya utakatifu wake, nami sitalitangulia. Ila anayetaka kumwiga asianze na novena ya siku tisa. Véronique amezeeka, mgongo haumruhusu tena, kwa hiyo Jumamosi ninamwogesha Gaël mimi. Nasali pia, nikishamaliza kumkausha.