Pamba Kwenye Ncha ya Kiatu

Ukitaka kumjua Barke, tazama upindo wa sare za shule pale mtaani Shika Adabu, Likoni. Upindo wa mafundi wengine ni wa vidole viwili. Wa Barke ni wa kiganja kizima, umekunjwa kwa ndani na kushonwa kwa mkono, ili mtoto akirefuka mamake afumue na kuushusha. Wazazi wanampenda kwa hilo. Watoto hawampendi sana, maana mwaka wa kwanza sare ya Barke humfanya mtu aonekane ameazima nguo za kakake. Mwenyewe huwaambia watakuja kumshukuru wakikua, na anaendelea kukanyaga cherehani yake.

Basi mwanamke wa namna hiyo ndiye aliyekwenda kununua viatu vya kipa wa magongo ya barafuni.

Usicheke. Binti yake, Sumeya, amekuwa akilinda goli kwa miaka kadhaa katika timu ya magongo ya skeiti za magurudumu, kwenye uwanja wa saruji karibu na kwao. Kocha wao, kijana mmoja mpole anayeitwa Kai, alipata habari kwamba huko Nairobi, kwenye ukumbi wenye sakafu ya barafu, timu ya wasichana inatafuta kipa. Kipa mmoja tu. Akapeleka jina la Sumeya, na Sumeya akaitwa kujaribiwa. Sharti lilikuwa kila kipa aje na viatu vyake, maana viatu vya kipa ni vya peke yake: vina gamba gumu la kukinga mguu, na chuma cha chini cha kutelezea ni kirefu na bapa ili mtu asimame imara golini. Sumeya alikuwa halali wala hali sawasawa kwa kuwaza siku hiyo.

Sokoni Kongowea, kwa Dhahabu muuza viatu vya mitumba, zilipatikana jozi mbili. Zilitoka katika robota moja la nchi za baridi, na Dhahabu alikuwa hajui amuuzie nani. Jozi moja ilikuwa imechubuka, tena ndogo kidogo kuliko viatu vya shule vya Sumeya. Nyingine ilikuwa inang'aa, nayo ilimzidi kwa saizi mbili. Kai alikuwa safarini, Sumeya yuko shule. Barke hakuhitaji ushauri wa mtu. Alichukua ile kubwa, akanunua na bunda la pamba, akavuka feri kurudi Likoni huku furaha imemjaa kifuani.

"Sumeya!"

"Abee, mama."

"Njoo uvae."

Sumeya alivaa, pamba ikiwa imeshindiliwa kwenye ncha, akasimama juu ya zulia huku ameshika cherehani asianguke.

"Vyakufaa?"

"Vyanifaa, mama. Ahsante."

Uongo mtupu. Kisigino kilikuwa kinaelea humo ndani na vifundo vya miguu vinapinda huku na huku. Lakini mtoto aliyelelewa na Barke atamwambiaje mamake, aliyebeba mzigo ule kutoka Kongowea hadi Likoni, kwamba ameleta kitu kisichofaa? Akatabasamu, akavivua upesi.

Kai aliporudi safarini alipitia kuviona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, starehe. Tazama mambo hayo."

Kai alivitazama, akavisifu, kisha akamwomba Sumeya avivae na ainame kama yuko golini. Sumeya akakunja magoti, na kisigino kikainuka ndani ya kiatu. Kai akafungua kamba, akaingiza vidole nyuma ya kisigino. Viwili vikapita bila taabu.

"Mama Sumeya, hivi ni vikubwa. Vya barafuni huvaliwa vya kubana, saizi ndogo kuliko vya shule."

"Si vikubwa. Nimetia pamba."

"Pamba yazuia vidole, mama, haizuii kisigino. Kipa hujisukuma kwa upande. Mguu ukitembea ndani ya kiatu, yeye ataka kwenda kulia na chuma chabaki pale pale. Mpira wa kwanza tu atakuwa chini."

"Mwanangu yuwakua, Kai. Wataka nimnunulie viatu vya leo?"

"Ndiyo, mama. Vya leo."

Barke akamvua Sumeya kiatu kwa nguvu kidogo, na Kai akaelewa, akaaga. Sumeya akajifanya ana nguo za kuanua uani. Barke akabaki na kile kiatu mapajani, akaanza kuitoa pamba kidogo kidogo.

Harufu ya ile pamba mpya ilimrudisha mbali. Alikuwa msichana mdogo, na kila mamake alipomnunulia viatu vya Idi ya Mfunguo Mosi, vilikuwa vyeusi vya kung'aa, vyenye bizimu ya kufungia pembeni, siku zote vikubwa. Usiku wa mwezi kuandama mama alikaa kwenye mkeka akivitia pamba, akivijaribisha, akiongeza, huku nyumba nzima inanuka udi na biskuti za vileja. Asubuhi Barke alizunguka mtaani kutafuta mkono wa Idi, zile senti wanazopewa watoto, viatu vikilia kwapu, kwapu, kwapu, na wenye nyumba walijua ni yeye kabla hajabisha hodi. Wenzake walimcheka mpaka akalia. Mama alimwambia, "Vya Idi ijayo pia hivi," na Barke akaona ni ubahili. Sasa angetoa chochote aisikie tena sauti ile ikisema vile.

Maana mama alikufa kati ya Idi mbili, Barke akiwa na miaka kumi na mitatu. Idi iliyofuata alivivaa viatu vile vile bila pamba, na vilimkaa sawasawa kwa mara ya kwanza. Alikaa kizingitini akalia, akikataa kwenda kokote. Waliombembeleza hawakuelewa kwamba ni viatu vilivyomliza. Shangazi aliyemlea baadaye alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, na alimnunulia saizi yake kamili kila mwaka. Barke hakuwahi kuvipenda viatu vile. Kwake yeye, kiatu kikubwa kilikuwa ahadi ya mama kwamba mwakani tutakuwapo, wewe na mimi. Na hapo ndipo alipojielewa: alimnunulia Sumeya ahadi, na mtoto alihitaji viatu.

Siku ya pili yake alirudi Kongowea kubadilisha, akachukua ile jozi ndogo iliyochubuka. Dhahabu akamtania kwamba leo mtoto ameacha kukua, Barke akacheka naye, ingawa moyoni hakuwa na kicheko.

Jioni alipiga magoti juu ya zulia. Sumeya akagonga kisigino sakafuni mpaka kikazama nyuma kabisa, na Barke akaanza kukaza kamba kutoka vidoleni kwenda juu.

"Vyakuumiza? Na leo niambie kweli."

"Vyabana, mama. Haviumizi. Nikisimama vidole vyagusa mbele, nikiinama vyarudi."

"Hebu inama."

Sumeya akainama. Kisigino hakikutikisika. Uso wa mtoto ulibadilika, macho yakawa ya mtu aliyekwisha kuuona mpira unakuja. Barke aliona wazi kwamba binti yake sasa anaweza kusimama golini. Aliona pia kwamba ndani ya kiatu kile hakukubaki nafasi yoyote ya kukua.

"Hivi havitakaa muda," alisema. "Mguu utakua, vitakukataa."

"Najua, mama. Mwakani tutakwenda kutafuta vingine, mimi nawe."

Alilisema vivi hivi tu, kama mtu anayepanga kwenda sokoni. Barke akashika kamba bila kuivuta. Tangu amzike mamake, yeye ndiye aliyekuwa akiwapangia watu wote mambo yao ya mwakani. Hakuna aliyewahi kumpangia yake. Akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Inshallah," akasema, akaikaza kamba.