Mtaalamu wa Matope

Wanjala alizaliwa kwenye matope, na alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia ukoo wa machifu. Baba yake aliendesha trekta la kubeba miwa huko Bungoma, ambako mvua za Aprili zikianza barabara hugeuka uji, na mtoto hujua gari litakalopita na gari litakalolala njiani kabla hajajua kusoma saa. Kanuni ilikuwa moja tu: tazama meno ya tairi. Yakiwa makubwa, utafika. Yakiwa madogo, anza kutafuta watu wa kusukuma. Elimu hiyo aliibeba hadi Minnesota, na kwa bahati mbaya pale uwanja wa ndege, walipomnyang'anya dagaa wake wa omena, hawakumnyang'anya na hiyo.

Sasa alikuwa muuguzi katika makao ya wazee huko Inver Grove Heights, umbali wa kutembea kutoka nyumba aliyopanga na mkewe, Joan. Joan naye alikuwa muuguzi, ila hospitali yake ilikuwa Maplewood, ng'ambo ya mto, na zamu yake ilianza kabla jua halijafikiria kuchomoza. Gari lilikuwa moja: ki-Suzuki kidogo, kikuukuu, chenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Wanjala alikipenda kwa sababu kilifanana na gari la bwana shamba wa utotoni mwake. Basi kazi waligawana hivi: Joan aliliendesha gari, na Wanjala alilijua.

Na kulijua alilijua hadharani. Kwenye kundi la WhatsApp la wanaume wa Kenya wa Minneapolis na Saint Paul, mtu yeyote aliyeuliza jambo la gari alijibiwa na Wanjala kwa ujumbe wa sauti mrefu kama mahubiri ya Kwaresima. Cyrus, mhasibu wa Richfield, aliwahi kuuliza kama ni lazima kununua tairi za winter. Akajibiwa kuanzia trekta, kupitia mafuriko ya mto Nzoia, hadi siku baba yake alipovuta basi la shule. Kama swali lake lilijibiwa au la, Cyrus hakujua, lakini alishukuru.

Mwezi wa Oktoba Joan alimburuta mumewe hadi duka la tairi. Muuzaji, mzungu wa makamo mwenye sauti ya upole, aliwaonyesha tairi za theluji. Alieleza kwamba mpira wake hubaki laini hata baridi ikizidi, na kwamba ile mikato midogomidogo ndiyo inayong'ang'ania barafu. Akaongeza kuwa kuvuta kwa magurudumu manne humsaidia mtu kuondoka, hakumsaidii kusimama. Katika jimbo lile hayo ni mambo ambayo hata walimu wa chekechea wanayajua. Wanjala aliinama akaibonyeza tairi kwa kidole gumba. Ikabonyea. Meno yake yalikuwa madogo kama ya panya.

“Hizi ni ndala,” alimwambia Joan kwa Kiswahili. Halafu akamtabasamia muuzaji kama daktari bingwa anavyomtabasamia mganga wa mitishamba.

Mwenye macho haambiwi tazama, na macho ya Wanjala yalikuwa yameshaona, pale kwenye kona ya duka, tairi za matope: nene, ngumu, zenye meno ya kutisha watoto. Muuzaji aliuliza mara mbili kama ana hakika. Joan aliuliza mara moja tu. Alimjua mumewe, kubishana naye juu ya tairi ilikuwa sawa na kubishana na marehemu baba mkwe.

Theluji ilianguka Novemba, kisha ikaganda. Jioni moja Joan alirudi kutoka kazini, akavua buti mlangoni, akasema moja kwa moja bila hata salamu.

“Gari ina-slide, Wanjala. Nikikanyaga brake inaendelea tu. Kuna asubuhi itanimaliza.”

Wanjala alimwonea huruma, kwa kuwa aliona wazi tatizo lilikuwa mguu wake. Alimfundisha mezani, kwa kutumia sahani na kijiko, namna ya kukanyaga breki: mapema, polepole, kwa upole. Alimweleza kwamba gari humsoma dereva, na dereva mwoga hupata gari lenye uoga. Joan alimaliza ugali wake, akaosha ile sahani na kile kijiko. Tangu siku hiyo akawa anaondoka mapema zaidi, gizani, na akifika kazini anamtumia mumewe neno moja: Nimefika. Wanjala, akijiandaa kwenda kazini kwa miguu, aliuona ujumbe ule kama ushahidi kwamba tairi ni nzuri.

Krismasi ilipopita akaja mama yake Joan, Mama Bernardine, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Kwao, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukwepana. Hawapeani mkono, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja wao hupata ghafla sababu ya kutazama kichaka. Katika miaka yote ya ndoa ile, Wanjala na Mama Bernardine hawakuwahi kuzungumza uso kwa uso, na kila mmoja alimsifu mwenzake sana kwa hilo. Basi mgeni alifikia kwa mpwa wake huko Maplewood, na Joan ndiye aliyepita kumwona kila akitoka zamu.

Jumapili moja ya Januari mipango iliharibika. Joan alikuwa kazini; siku hiyo alipitiwa na muuguzi mwenzake, gari likabaki nyumbani. Mpwa, ambaye ndiye humpeleka shangazi yake kwenye misa ya Kiswahili kule Richfield, alikuwa na mtoto mwenye homa. Mama Bernardine hakuwa mtu wa kukosa misa, wala hakukusudia kuanzia tabia hiyo Marekani. Ikabidi apelekwe na mkwe.

Walilifanya jambo hilo kwa adabu zote. Mama alikaa nyuma kabisa ya dereva ili wasionane. Wanjala, kwa heshima, alikiinua kioo cha ndani kikatazama dari, akaingia barabarani haoni nyuma lakini mila imetimia. Kwa kuwa hawakupaswa kuzungumza, kila mmoja alizungumza na kiti kitupu cha mbele. Mama Bernardine alikiambia kiti kwamba baridi ya nchi hii haina utu. Wanjala alikiambia kiti kwamba joto linaweza kuongezwa iwapo kuna anayehitaji. Kisha, kwa kuwa kimya kilimwasha, akakieleza kiti habari za tairi zake, na jinsi watu wa hapa wanavyoibiwa kwa kuuziwa ndala. Kiti cha nyuma hakikuitika.

Palikuwa na mteremko, si mkali, na taa za barabarani chini yake. Taa ikawa nyekundu wakiwa bado mbali. Wanjala alikanyaga breki kama alivyomfundisha mkewe kwa sahani na kijiko: mapema, polepole, kwa upole. Gari halikujali. Akakanyaga kwa nguvu, breki zikakoroma chini ya mguu, na ki-Suzuki kikaendelea kushuka bila haraka, kikapita taa nyekundu kama mgeni rasmi. Gari jeupe lililokuwa likivuka lilipiga honi ndefu na kuwakwepa chupuchupu. Ki-Suzuki kikajichomeka kwenye rundo la theluji upande wa pili, kikazima.

Hakuna aliyeumia. Mama Bernardine alimaliza Salamu Maria aliyoianzia juu ya mteremko. Wanjala aliwasha gari, akatia gia ya kurudi nyuma. Magurudumu yote manne yakazunguka kwa ushirikiano mzuri sana na gari likabaki palepale. Akashuka kuangalia. Yale meno ya kutisha watoto yalikuwa yamejaa theluji iliyoshindiliwa, na kila tairi imekuwa duara laini linalong'aa. Alikuwa bado ameinama akijaribu kuelewa, miguu yake ikamtoka. Akaanguka chali.

Alipofumbua macho aliona mkono umenyooshwa, naye akaushika kama ambavyo mtu yeyote angeushika. Mama Bernardine alimvuta akasimama. Hapo ndipo wote wawili walipotazama mikono yao, ya mkwe na mama mkwe, imeshikana mchana kweupe, mbele ya magari yanayopita. Wakaachiana haraka. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na Mama Bernardine hakuwa mtu wa kupoteza nafasi.

“Mkwe,” alisema, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza. “Siku za kazi, gari hili linaendeshwa na nani?”

“Joan, mama.”

“Na wewe?”

“Mimi natembea. Kazi iko karibu.”

Mama Bernardine aliyageukia yale makutano, magari yakipita mahali walipopita wao.

“Joan aliniambia kwa simu kwamba akikanyaga breki gari linaendelea. Nikamjibu, mumeo ni mtoto wa matrekta, msikilize. Mimi, mama yake, ndiye niliyemwambia hivyo.”

Wanjala, bingwa wa kundi zima la WhatsApp, alizitazama tena tairi zake. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto katika baridi ile. Kisha hofu ikaja juu ya aibu, kwa sababu akilini alimwona Joan pale pale, gizani, peke yake, akikanyaga mapema, polepole, kwa upole. Akashikilia mila, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichobaki cha kushikilia. Akasema anajua kosa la kumgusa mkwe lina mbuzi wake wa faini, naye atamlipa.

“Mbuzi nitamfunga wapi Maplewood?” Mama Bernardine aliuliza. “Lete tairi. Nne. Zile Joan alizozitaka. Na zivalishwe kabla sijapanda ndege.”

Mwenye pikapu mmoja alisimama akawavuta kwa mnyororo. Alipomaliza alizitazama tairi, akasema ni za kuvutia. Kwa watu wa Minnesota, wasiosema baya waziwazi, hilo ni tusi zito, na Wanjala alikuwa amekaa huko muda wa kutosha kulielewa. Misani hawakufika. Walirudi Maplewood mwendo wa maiti, na hakuna aliyezungumza na kiti.

Jioni Joan alikuwa ameshapata habari zote. Aliuliza kwanza kama mama yake yuko salama, halafu akacheka hadi akaketi sakafuni na nguo zake za kazi. Wanjala alimwambia kwamba kesho atazinunua zile tairi, kwa sababu ni faini, na faini ya mkwe haikataliwi.

“Kwa hivyo mimi nikisema ni uoga,” Joan alisema, akijifuta machozi, “lakini mama akisema ni mila.”

Wanjala aliomba radhi. Aliomba kwa ufupi, jambo ambalo kwake lilikuwa geni, na pengine ndiyo maana Joan aliliamini.

Tatizo lilikuwa kwamba duka hufunguliwa asubuhi, na zamu ya Joan huanza kabla. Wakapatana kwamba Jumatatu waende pamoja hadi hospitali, kisha Wanjala alipeleke gari dukani. Alfajiri ilipofika, Wanjala alinyoosha mkono apewe funguo. Joan alikuwa ameshaketi kwenye usukani. Hivyo mtaalamu wa matope, kwa mara ya kwanza tangu theluji ianguke, akaona safari ambayo mkewe alikuwa akiifanya kila siku ya zamu.

Hakuiona vizuri, kwa kuwa kulikuwa na giza. Aliona taa nyekundu za magari ya mbele zikija kwa kasi kuliko alivyopenda. Joan alipunguza mwendo mbali mno na kila taa, akaacha nafasi ambayo madereva wengine waliingia wakipiga honi, naye akaacha nyingine. Kwenye daraja la Mississippi upepo uliusukuma mkia wa gari pembeni. Joan akauachia usukani kidogo, akaurudisha, akaendelea kumweleza kwamba mchele umeisha. Wanjala alijikuta anakanyaga sakafu kwa mguu wa kulia, kwa nguvu zote, mahali ambapo hapakuwa na breki. Alikanyaga hadi Maplewood. Alitaka kumuuliza amewezaje kuendesha hivi asubuhi zote hizo, lakini aliogopa jibu.

Walipofika hospitali mgongo wake ulikuwa umelowa jasho ndani ya koti. Joan alizima gari, akachukua mkoba wake, akampa funguo. Akamwona alivyoushika usukani baada ya kuhamia upande wa dereva, mikono yote miwili, kama mwanafunzi. Akainama dirishani.

“Enda pole pole,” alimwambia. “Hii gari hujaizoea.”

Akageuka akaingia kazini. Wanjala alikaa hapo mpaka mlango wa hospitali ulipojifunga nyuma yake, ndipo akawasha gari.