Wanawake Waliokuja Kuomba Moto

Mwaka ule mwalimu wa uraia alitufundisha kuandika mkoa wa Manyara mahali tulipozoea kuandika Arusha. Nilikuwa kidato cha pili, naenda na kurudi kwa miguu kutoka kwetu Endagikot, na nilikuwa mtu wa aibu kiasi kwamba nikiulizwa swali darasani sauti ilibaki tumboni. Kwa hiyo sikumwambia mtu yeyote kwamba mama yangu haamki.

Mtoto wake alizaliwa hana uhai. Baba alimzika, akakaa nasi siku chache, akarudi Basotu kutafuta vibarua kwenye mashamba ya ngano. Mama akageukia ukuta. Nilipika uji, ukapoa. Nilimwambia ng'ombe amezaa, akasema sawa. Kila nikirudi kutoka shule nilisimama kwanza mlangoni nisikilize kama anapumua.

Na watu hawakuja. Zamani kwetu, nyumba iliyopata msiba wa aina ile ilikuwa na miiko yake: wenyewe hawatembelei watu, na hakuna anayechukua moto wala maji kwao mpaka muda upite. Kanisani walishasema mambo hayo yameisha, kila mtu akaitikia, lakini njia ya kuja kwetu iliota majani. Sidhani walikuwa wabaya. Waliogopa tu.

Jumamosi moja akaja bibi jirani, mjane anayekaa ng'ambo ya korongo, ameshika kigae cha chungu. Nikamwamkia. Akasema amekuja kuomba moto. Nilikasirika moyoni, sisi na shida zetu, halafu yeye anakuja kuomba. Nikainama mekoni nimpe kaa.

"Acha," akasema. "Moto anatoa mwenye nyumba."

Akaketi kizingitini. Mama akasema kutoka kitandani kwamba nimpe tu. Bibi akajibu kwamba mimi hajaniomba.

"Shikamoo bibi. Sina nguvu," mama akasema.

"Marahaba. Na mimi sina. Nikifia hapa mlangoni kwako utawapikia waombolezaji wote, na unajua ukoo wangu unavyokula."

Chumbani kikasikika kitu, sijui kikohozi, sijui kicheko. Kisha kitanda kikalia. Mama akatoka amejishika ukutani, akapiga magoti, akapuliza majivu mpaka machozi yakamtoka, akachagua kaa zuri akaliweka kwenye kigae. Bibi akamshukuru kama mtu aliyepewa ndama. Akaondoka kwa njia ya juu, ile ndefu inayopita mbele ya nyumba za watu, kigae kikifuka moshi. Hata kabla hajafika, nilipotazama kwake ng'ambo, moshi ulikuwa tayari unatoka paani.

Kesho yake baada ya ibada akaja jirani mwingine kuomba chekeche. Mwingine akaleta mbegu za maharage, akadai macho yake hayaoni tena zilizotobolewa na wadudu, mama amsaidie kuchagua. Walichagua bila kugusia habari za mtoto, mpaka mama mwenyewe alipoanza kumtaja. Hapo nilitoka nje nikakate majani ya ng'ombe, maana nilijua nitalia.

Sisemi alipona siku ile. Zilikuwepo siku aligeukia ukuta tena, na siku hizo mmoja wao alikuja na ukili wake akakaa mlangoni anasuka, haombi kitu.

Halafu siku moja ya ukungu nilirudi nikakuta mlango wazi, kitanda kitupu, na majivu mekoni yamepoa. Jambo nililokuwa naogopa hata kulifikiria lilinijia lote kwa mara moja. Nilikimbia hadi ukingoni mwa korongo.

Mama alikuwa anapanda kutoka ng'ambo, polepole, ameshika kigae kwa mikono miwili, anakikinga na upepo kwa khanga yake.

"Moto ulinizimikia," akasema. "Nikaenda kuomba."