Ukipata Habari Nzuri, Simama

Juu ya mashamba yetu ya Ngungu kuna mlima wenye kichwa cha mawe matupu. Hakuna mti wala kivuli, na kiangazi mawe yale yanachoma kama sufuria. Ila rezo, mtandao wa simu, iko kule tu. Kwa hiyo mwenye mgonjwa mbali anapanda, na waliobaki chini wanamtazama. Kila mtu anajua desturi: ukipata habari nzuri, unasimama na kupunga mikono. Ukikaa chini, basi, kuna kifo.

Asubuhi ile dada yangu alikuwa hospitalini Kirotshe. Walimbeba kwa tipoyi, machela ya miti, jana yake, kuzaa kumeshindikana, wakasema atapasuliwa. Mama alitaka kupanda mwenyewe. Nikamkaripia: "Mama, na magoti yako hayo? Bakia!" Nilikaripia kwa sababu niliogopa, Mungu anajua.

Jamani, mlima ule! Huko juu hakuna njia kabisa. Unashika jiwe, linang'oka, unalitukana, unashika lingine. Mara mbili niliteleza nikachunika viwiko. Nilifika kileleni, nikapiga. Simu ikashika, nikasikia kwanza mtoto mchanga analia, halafu shemeji yangu, mume wa dada: "Shemeji, wote mbili iko wazima. Dada yako anaomba uji."

Anaomba uji! Nikakaa palepale juu ya jiwe, nikafunika uso, nikalia. Nilisahau kabisa kwamba naonekana.

Kilio cha huko chini njo kilinishtua. Wanawake walikuwa wameshaanza. Nikaruka, nikapunga mikono, nikavua shati nikalipunga, lakini nani anatazama juu tena wakati msiba umeshaingia nyumbani? Nikashuka mbio, pengine kwa matako, nikipiga kelele "Iko muzima!" mpaka sauti ikakauka.

Nilimkuta Mama ameketi vumbini, kitambaa cha kichwa amekivua, moto wa jikoni ameuzima kwa maji.

"Mama, dada iko muzima. Na mutoto iko muzima."

Akanizaba kofi. Kisha akanishika masikio yote mawili, kwa nguvu, akaniangalia mdomo.

"Sema tena."

Nikasema tena. Majirani wakawasha moto upya, wakateleka maharage, na yeye bado alikuwa amenishika masikio, ananiambia sema tena.