Chumba cha Mistari Myeupe

Hoteli ninakoosha vyombo siku hizi ina madirisha makubwa ya vioo, yaleyale niliyokuwa nikiyaota. Lakini nikiosha huwa nayapa mgongo. Nje yake kuna maegesho ya magari, na chini pana mistari myeupe. Nikiitazama namwona shangazi akiifagia.

Shangazi ni dada yake baba. Ndiye aliyenichukua nilipomaliza darasa la saba, akanifundisha kupika. Banda letu la chakula lilikuwa hapohapo, katikati ya mji wa Songea, kwenye kiwanja cha vumbi mbele ya maduka. Mabati, meza, mabenchi mawili, basi. Mimi lakini nilishaliona hoteli. Nilishaona vioo, sahani za maua, na kibao kimeandikwa Karibu Dagaa Nyasa.

"Koroga mboga, mwanangu," shangazi alikuwa akiniambia. "Vioo haviliwi."

Asubuhi moja ya kiangazi likapita gari la matangazo. "Wafanyabiashara wadogo wa hapa, mmetengewa eneo..." Hapo bajaji mbili zikaanza kupigiana honi, kila moja inataka kupita kwanza, na maneno yaliyobaki yakaondoka na gari. Tukabaki na hilo moja: mmetengewa.

Shangazi akaweka mwiko chini. "Umesikia? Tumetengewa!"

Jirani yetu alikuwa fundi viatu, Myao wa Nalasi, mtani wa shangazi. Alikula kwetu kila mchana na kututania kila mchana.

"Mtani, sikiliza vizuri," akasema huku anavuta uzi. "Mmetengewa au mmetengwa? Nyie Wangoni mkipika, masikio yanajaa mvuke."

"Kelele! Rudi Nalasi ukabangue korosho."

Tulicheka, mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Shangazi naye alicheka, ila kidogo. Neno kutengwa analijua mwilini. Aliishi na mwanaume mwenye mke wa ndoa, kwa hiyo kanisani alitengwa, hapokei komunyo. Kila Jumapili anakwenda hivyohivyo, na kitenge chake kimepigwa pasi. Watu wakiinuka kwenda kupokea, yeye anabaki kwenye benchi, anakunja magoti pembeni, anawanong'oneza, "Piteni, piteni," utadhani mwenye nyumba anakaribisha wageni.

Baada ya hapo wakaja mafundi wa kutandaza vitofali chini. Wakatusogeza pembeni ya mtaro ili tupishe kazi, na sisi tukasogea kwa furaha, maana tulijua tunatengenezewa kwetu. Pamoja nao alikuja dada mmoja wa mipango miji, mwenye kizibao cha kung'aa. Alipenda magimbi yetu sana. Shangazi alikuwa akimchagulia yale ya katikati ya sufuria, yaliyolainika.

Vitofali vikaisha, wakachora mistari. Jioni ile mafundi walipoondoka tukaenda kuangalia. Vilikuwa viboksi vyeupe vimepangana, sawasawa, safi kama daftari jipya. Shangazi akashika kiuno.

"Njoo uone! Wametupimia vyumba!"

Na kweli, meza ingeenea. Mabenchi yote mawili yangeenea, na jiko lingepata kona yake. Nilitembea humo ndani nikionesha kwa mikono: hapa dirisha, hapa kabati. Kiboksi hakikuwa na mstari upande wa barabara, nikasema huo ndio mlango. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumiliki gari. Hata fundi viatu aliacha utani, akachagua chumba cha pili yake.

"Nikae jirani yako, mtani, harufu inipate bure."

"Bure utapata masizi."

Kesho yake tulifika jua halijachomoza vizuri. Shangazi akafagia chumba chetu, akanyunyiza maji, akaweka kigoda katikati, akafanya ishara ya msalaba. Sikuwahi kumwona amependeza vile.

Gari likaja taratibu, likawasha taa ya kukata kona, likasimama mlangoni kwetu. Kijana aliyeendesha akatoa kichwa.

"Shikamoo mama. Samahani, naomba niegeshe."

"Marahaba, baba. Uegeshe chumbani kwangu?"

Kijana akacheka, akidhani ni utani. Shangazi naye akacheka, akidhani ni utani. Ndipo dada wa mipango miji alipokuja mbio.

"Mama, hapa ni maegesho. Nyie mmetengewa Mjimwema, kwenye soko jipya. Si walitangaza?"

"Walitangaza," shangazi akasema polepole. "Sisi tulisikia neno moja."

Yule dada akainamisha macho. Nikamwangalia fundi, nikingoja aseme chochote, hata tusi. Alikuwa anaangalia sindano yake.

Shangazi akainua kigoda. Akasogea mpaka kwenye mstari, akabana miguu pembeni, kidogo, vilevile kama kwenye benchi la kanisani.

"Pita, baba," akamwambia kijana. "Pita."

Mjimwema soko ni zuri, siwezi kusema uongo. Paa jipya, maji ya bomba. Ila Mjimwema watu wanaishi, na mchana mtu anakula kwake. Wateja wetu walikuwa mjini na walibaki mjini. Tulikuwa tunaangaliana juu ya sufuria zilizojaa, na jioni tunagawia watoto wa majirani. Siku moja shangazi hakuwasha moto. Alikaa tu na kiberiti mkononi. Mimi nikaenda kutafuta kazi ya kuosha vyombo. Fundi yuko kule mtaroni bado. Nikipita ananiuliza, "Mtani wangu hajambo?" na mkate mkavu uko mkononi.

Jumapili iliyopita tulikwenda misa pamoja. Watu walipoinuka kwenda kupokea, mimi sikuinuka. Shangazi akanisukuma kwa kiwiko.

"Nenda. Wewe hujatengwa."

Nikakunja magoti pembeni kama yeye. Watu wakapita.