Tangi la Samaki la Mama Kyalo

Nakumbuka asubuhi moja mjini Kitui, nikiwa bado kijana wa kushika vioo kwa pupa, mama mmoja alipoingia kwenye karakana yetu ya vioo akasema tangi lake la samaki limepofuka. Alisema hivyo hivyo, limepofuka. Naanzia hapo, mwanangu, kwa sababu swali uliloniuliza kwa simu jana jioni halijibiwi mtu akiwa ndani ya basi. Ulisema, "Baba, nikutumie tangi kubwa la samaki uweke sebuleni, upate kitu cha kuangalia. Unataka la kioo ama la akriliki?" Halafu ukasema mnapita hapa kwetu Kambu saa hii, na mtandao ukakatika. Nilitoka nje nikasimama kando ya barabara. Mabasi ya Mombasa yalikuwa mengi na sikujua lako ni lipi.

Sasa sikiliza jibu lako, na usinikimbize. Mimi hata nikiwa na haraka huwa naongea polepole, marehemu mama yako alishazoea.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwa Mzee Nzioka, fundi wa kukata vioo vya madirisha. Yule mama aliitwa Mama Kyalo. Alikuwa mjane, anasuka vyondo na kuviuza sokoni, na Kyalo alikuwa mtoto wake wa pekee. Kyalo alikuwa ameajiriwa kwenye hoteli huko Pwani. Hoteli ilipobadilisha vyombo vyake, yeye akachukua tangi kuukuu la akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, akamtumia mamake kwa basi. Lilikuwa kubwa, lakini kondakta alilishusha peke yake bila hata kutoa jasho. Samaki wa rangi wakafuata baadaye ndani ya karatasi ya nailoni. Majirani walimuuliza atawapika lini, na yeye akawaambia hao ni wageni wa Kyalo, hawaliwi.

Tulienda kwake na Mzee Nzioka. Tulikuta samaki wamewekwa kwenye karai, na lile tangi ni jeupe pe, limejaa mikwaruzo ndani na nje. Unajua maji yetu ya kisima yalivyo na chumvi. Yakikaa kidogo yanaacha ukoko mweupe. Mama Kyalo alipouona ule ukoko alifanya vile mama zetu wote hufanya na sufuria. Alishuka mtoni, akachota mchanga, akachukua nyuzi za katani, akasugua. Alisugua kwa nguvu zake zote.

Mimi nikapitisha kidole pale, nikasema, "Mama, hii si kioo, ni plastiki. Kweli ulisugua na mchanga kama sufuria?"

Mama Kyalo aliangalia chini. Mzee Nzioka hakuinua sauti. Aliniambia twende nje tukalete tepu ya kupimia, na tulipofika nje akasema, "Wewe umeuliza alisugua na nini. Mbona hukuuliza alikuwa anamsugulia nani?"

Tuliporudi ndani aliuliza yeye mwenyewe, taratibu, akiwa ameketi kwenye kigoda. Mama akasema Kyalo alikuwa ameahidi kuja Krismasi. Aliona ni aibu kijana afike akute zawadi yake ina uchafu. Akasugua wiki yote. Krismasi ikafika na Kyalo hakuja, akatuma salamu na sukari. Tangu hapo mama alikuwa akikaa mbele ya lile tangi jioni, akiona vivuli tu vikienda na kurudi. Ndio maana wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kijana alituma kitu kizuri kabisa, lakini hakuwepo wa kumwambia mama kitambaa laini kinatosha.

Mzee Nzioka hakumficha kitu. Alimwambia akriliki ikikwaruzwa kidogo hupigwa msasa laini ikarudia kung'aa, lakini hii mchanga ulikuwa umeila sana. Na hata ikirudi, ukoko utarudi pia, na mkono wake utaenda mchangani tena. Kioo kinavumilia. Ukoko wa chumvi unaupaka limau, unaukwangua kwa wembe, unatoka. "Lakini kioo ni kizito, Mama Kyalo," akasema. "Kitataka meza ya mbao ngumu, iliyonyooka, na tukishajaza maji hutakihamisha."

"Na mimi nahamia wapi?" akajibu mama.

Basi tukamtengenezea la kioo pale pale nyumbani, tukaunga pembe zake kwa gundi ya silikoni, tukaliacha likauke mpaka mama akaanza kulalamika. Siku ya kujaza maji alivuta vigoda viwili, akakalia kimoja. Samaki walipoingia aliinama karibu na kioo. Kisha akasema, "Kumbe huyu mdogo ana doa mkiani. Nilikuwa nimesahau." Akajipangusa macho kwa leso. Kile kigoda kingine hakuna aliyekikalia.

Tangu siku hiyo, kila tulipopata kazi ya madirisha upande ule, Mzee Nzioka alipitia kwake kukagua silikoni. Alibonyeza pembe kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kama daktari, halafu akaketi kwenye kile kigoda akanywa chai. Nikamuuliza siku moja kwa nini tunakagua kitu ambacho hakivuji. Akanijibu, "Silikoni haina neno. Ni mama ninayemkagua." Mimi wakati huo niliona tunapoteza saa za kazi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na upweke wa mtu mwingine pia ni mwepesi hivyo hivyo mpaka uwe wako.

Kyalo alikuja, ndiyo. Alikuja tulipomzika mamake. Alisimama sebuleni mbele ya kioo, samaki wakimfuata kidole, akauliza, "Lile nililotuma liko wapi?" Lilikuwa nyuma ya nyumba, limewekwa mahindi ya kuku.

Mwanangu, tangu mama yako alale, hii nyumba imekuwa kubwa sana. Redio nawasha asubuhi, na wala sisikilizi, ni kwamba tu nataka kuwe na mtu anaongea. Napika muthokoi wa watu wawili, kwa sababu mkono haujui kupima wa mtu mmoja. Sikuambii haya ili uhuzunike. Nakuambia kwa sababu uliniuliza nataka tangi gani, na kuuliza si ujinga.

Kwa hiyo shika maneno haya. Wewe unakaa ghorofani Mombasa, una watoto wa kurusha mpira, na kila mwaka unahama nyumba. Kwako nunua akriliki. Ni nyepesi, na ikigongwa haipasuki ovyo. Usiisugue na mchanga wala waya wa chuma, ipanguse kwa kitambaa laini kilicholoa, na waonyeshe watoto jinsi ya kuipangusa. Na popote utakapopeleka zawadi, uliza kwanza maji ya hapo yakoje na ni mikono ya nani itakayoiosha.

Lakini mimi niletee kioo. Mikono yangu ni ya fundi, haijui kugusa kitu polepole, na kisima chetu bado kina chumvi ile ile. Tena akriliki kondakta atanishushia hapa steji, basi liondoke. Kioo kikubwa namna hiyo hakuna kondakta atakayekikubali. Itabidi uje nacho mwenyewe, unisaidie kunyoosha meza, na tungoje silikoni ikauke. Baadaye uwe unapitia kukagua pembe. Vigoda viko.

Mungu akupe afya na kazi isiyokuvunja mgongo, watoto wako wakue wakikujua sura na sauti, na kila basi lako likikaribia hapa, mwanangu, akushushe Kambu.