Hatua Tano Nyuma ya Domisiana

Mume wangu hasinzii mpaka aweke shavu mgongoni kwangu, katikati ya mabega, kidogo upande wa kushoto. Miaka thelathini na mmoja nimelalamika. Wakati wa kiangazi jasho lake na langu hukutana hapo, nami humsukuma kwa kiwiko, naye hurudi palepale huku bado yumo usingizini. Niliwahi kumuuliza kama kwao hawakuwa na mito. Akasema hajui kwa nini anafanya hivyo. Nikaona ni ukaidi tu wa kiume, nikamwacha.

Naitwa Joyceline, Mhangaza wa hapahapa Mabawe, karibu na mpaka wa Burundi. Mume wangu ni Fideli Ndizeye, yule wa sanamu za shaba. Watu humwita mchongaji, naye hununa kimyakimya kwa sababu hachongi kitu. Huumba kwa nta ya nyuki, anayoletewa na warina asali wa Biharamulo. Ile sura ya nta huizungushia udongo uliokandwa na samadi, safu juu ya safu, akaukausha kivulini wiki tatu, kisha akauchoma. Motoni nta yote huyeyuka na kutoka kwa tundu la chini, na pale ilipokuwa pakabaki patupu. Hapo patupu ndipo anapomimina shaba. Alifundishwa na bruda mmoja wa misheni aliyekuwa akitengeneza kengele za kanisa, na mimi nilifundishwa na yeye kuvuta mivukuto. Nyumba yetu inanukia asali na moshi mwaka mzima. Wageni hudhani tumepika kitu kitamu, wakakaa wakingoja.

Amefanya vichwa vya watu wengi. Waanzilishi wa shule, mapadre waliokwisha lala, ng'ombe wenye pembe ndefu kwa ajili ya hoteli, na mheshimiwa mmoja aliyetaka apunguziwe kidevu. Huletewa picha ya pasipoti, akaitazama siku mbili bila kusema, halafu vidole vikaanza. Kuna asubuhi ukungu unapanda kutoka bondeni hadi mlangoni mwa banda, na mimi nikitoka na chai namkuta katikati ya ule ukungu anaongea na uso wa nta. Simsemeshi. Naweka kikombe juu ya gogo, narudi ndani.

Uso mmoja tu ndio uliomshinda, na ndio pekee alioutaka kwa ajili yake mwenyewe. Ni wa mama yake.

Mama huyo, Domisiana, alivuka kutoka Burundi akikimbia mauaji ya mwaka wa sabini na mbili, akiwa amembeba Ndizeye mgongoni, mtoto wa mwaka mmoja na kidogo. Baba alibaki kule, hakuonekana tena. Mama naye alikufa kwa homa huku Murusagamba wakati mwanawe ana miaka mitatu. Picha haikuwepo hata moja. Kilichokuwepo ni kioo kidogo chenye fremu ya mti, ambacho Ndizeye alipewa na bibi yake aliyemlea. Tangu utoto aliambiwa na wote kwamba amefanana na mama yake kana kwamba mama alijizaa mwenyewe, na kwamba akimtaka mama ajitazame humo. Kioo hicho kinaning'inia bandani mpaka leo.

Tena kulikuwa na ndoto. Ilimjia mara mbili au tatu kwa mwaka, tangu kabla sijaolewa naye. Mama yake yuko naye karibu sana, lakini haonyeshi uso. Anaona shingo tu, na shingo ile inapandapanda na kushuka, na pembeni yake majani yanapita. Akiamka husema, "Amekataa kugeuka tena." Aliamini mama amemkasirikia. Kwa kosa gani, mtoto wa miaka mitatu? Nilimwambia hivyo, kwa ukali, mara nyingi. Hakunisikia, kwani huzuni ya namna hiyo haina masikio.

Mwaka juzi aliamua kumfanya. Shaba alikuwa nayo. Sisi hatununui shaba mpya, tutaiweza wapi? Ile nzuri yenye bati ndani yake, inayoitwa shaba nyeusi, imo kwenye bushi za malori, zile pete zinazokaa kati ya vyuma vinavyozunguka. Pale Nyakanazi, ambapo malori ya Rwanda na Burundi hulala, fundi Wiston humwekea bushi zilizolika badala ya kuzitupa. Ndizeye alichagua zilizo bora kabisa, akazikusanya kwenye dumu kwa miaka sita. Zilitosha kumimina mara moja. Sanamu ikiharibika, ingembidi aanze kukusanya upya, na alishakuwa na miaka hamsini na nne.

Akakaa mbele ya kioo miezi miwili. Alichukua paji lake mwenyewe, pua yake, akalainisha taya, akatoa ndevu, akaongeza kilemba na hereni ndogo. Nilipoitwa kuutazama nilikubali kwamba ni mzuri. Mwanamke mtulivu mwenye macho ya mume wangu. Ndizeye alikuwa akiuzunguka kwa miguu mitupu, na niliona amekuwa mdogo, mtoto kabisa, anayesubiri kuitwa jina.

"Umfunike udongo basi," nikamwambia.

"Kwanza Mama mdogo amwone," akasema. "Ndiye pekee aliyebaki aliyemjua."

Mama mdogo ni Generoza, mdogo wake Domisiana. Alivuka naye akiwa na miaka kumi na mitatu, na bado analima maharage Murusagamba.

Tuliondoka alfajiri ili jua lisitukute njiani, maana nta na jua havipatani. Kichwa tulikifunga kwa majani ya mgomba na gunia lililoloweshwa, tukakitia ndani ya ndoo. Bodaboda mbili, yeye mbele, mimi nyuma na ndoo mapajani. Barabara ile mnaijua. Kila shimo nilikumbatia ndoo, na katikati ya safari ikanijia kwamba nimempakata mama mkwe ambaye hakuwahi kunipa hata salamu. Nikaona haya, nikaanza kumweleza habari za watoto wetu. Dereva aligeuka kunitazama, nikamwambia atazame barabara.

Tulimkuta Mama mdogo uani, anapepeta maharage.

"Shikamoo Mama mdogo."

"Marahaba wanangu. Mbona na ndoo? Mmeniletea pombe?"

Ndizeye hakuweza hata kucheka. Alikalisha kichwa juu ya kigoda kivulini, akafungua jani moja moja. Mama mdogo akajifuta mikono kwenye kitenge, akainama kutazama. Kuku wakaja wakala maharage kwenye ungo na hakuwafukuza.

"Huyu ni shemeji yangu," akasema mwishowe. "Umemvisha kilemba."

Ndizeye akasema taratibu, kana kwamba anamsaidia mtu aliyekosea njia, "Huyu ni mama, Mama mdogo. Nimemtoa kwangu. Si nimefanana naye?"

"Nani alikuambia?"

"Wote. Bibi. Na wewe."

Mama mdogo akakaa chini kwenye jamvi. "Tulikuambia," akasema. "Alipokufa ulikuwa ukimtafuta kila jioni mpaka chini ya kitanda. Kwetu mtoto aliyefiwa huambiwa hivyo, kwamba aliyeondoka amemwachia sura yake, ili atulie. Bibi akakupa kioo, ukatulia. Sasa nani angekuja kukunyang'anya? Lakini wewe ni baba yako mtupu, mwanangu. Baba yako na masikio yake."

Nilimwona mume wangu akishika ukingo wa kigoda. Miaka hamsini alikuwa amemtazama mama yake kila asubuhi, na hakuwa yeye. Nilimkasirikia Mama mdogo, nikamkasirikia bibi aliye kaburini, na wakati uleule nilijua kwamba mtoto yule angekuwa wangu ningemdanganya vilevile.

"Basi nieleze," akasema. "Nta ni laini, nitarekebisha hapahapa. Pua yake ilikuwaje?"

Mama mdogo alifumba macho. Midomo ilicheza bila sauti.

"Umenitoroka," akasema. "Uso wake umenitoroka. Nikiutafuta unanijia wa binti yangu marehemu. Wa shemeji ninao kwa sababu wewe huuleta hapa kila Krismasi. Wa dada sina." Akaanza kulia, bila kelele, akiendelea kusema. "Mgongo wake ndio ninao. Siku nne nilitembea nyuma yake. Alikwenda mbio, mimi miguu imevimba, namwita, Dada, punguza mwendo. Hakugeuka hata mara moja. Aliogopa akitazama nyuma ataona moshi wa nyumbani, miguu ikatae. Nilibaki hatua tano, siku zote hatua tano. Bega la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia. Hapa shingoni palikuwa na kovu la uji uliommwagikia utotoni. Na shingo yenyewe aliipinda kulia. Nchi nzima ile aliipita amepinda shingo hivi, ili wewe upate mahali pa kulaza kichwa."

Alituonyesha kwa shingo yake. Hapo ndoto yake ikanijia. Shingo inayopandapanda na kushuka, majani yakipita pembeni. Hakuwa amekataa kugeuka kwa hasira. Alikuwa amembeba.

Na upande wa kushoto kidogo, katikati ya mabega. Nikakumbuka viwiko vyangu vyote.

Tuliporudi aliiweka nta kwenye sufuria. Nilimuuliza kama hataki kumhifadhi baba yake, maana sasa alikuwa baba, na alikuwa amependeza.

"Baba ninaye," akasema. "Nitamwona kila nikinyoa."

Uso ukalainika, kilemba kikaanguka, vyote vikawa mafuta ya njano yanayonukia. Siku zilizofuata hakugusa kitu. Kisha mchana mmoja, watu wote wako mashambani na mvua inapita mbali upande wa bonde, aliniita bandani.

"Geuka," akasema. "Kaa kwenye kigoda."

Nikageuka. Akaja akaweka shavu mahali pake. Sikumsukuma. Nilishusha bega la kushoto, nikapinda shingo kulia, na nikasikia pumzi yake ikibadilika kama ya mtu anayeingia usingizini. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Alipoondoka alikwenda moja kwa moja kwenye nta, macho nusu yamefumba, na alifanya kazi bila kutazama. Kila baada ya muda aliinama akaweka shavu juu ya nta, akasikiliza, akatoa kidogo kwa kidole gumba, akaweka tena. Alikuja kwangu, akarudi kule. Nikimwangalia sikujua ni nani kati yetu anayenakiliwa. Nilisikia wivu kidogo, nasema ukweli, halafu wivu ukaisha.

Alifanya mgongo tu, kuanzia kisogo hadi visigino. Kitenge kimefungwa, kimebonyea pale mtoto anapokaa, na mtoto hayupo. Mbele hakuweka kitu. Ukizunguka unakuta uwazi, na alama za vidole vyake kwa ndani.

Siku ya kumimina nilivuta mivukuto mpaka mikono ikafa ganzi. Bushi za miaka sita zikawa maji mekundu yanayotetemeka ndani ya chungu. Ndizeye akaomba kimoyomoyo, akamimina bila kusita, maana ukisita shaba huganda njiani. Ikanywewa na udongo, ikanywewa, tukawa hatupumui, mpaka ikachungulia kwenye tundu la pili, lile la kutolea hewa. Tulipovunja udongo kesho yake tukakuta imefika kila mahali ila kwenye pindo la kitenge, ambapo palibaki tundu la ukubwa wa kiganja. Nilimwambia analiweza, aliziba makubwa zaidi kwa mheshimiwa.

"Liache," akasema. "Kitenge cha mkimbizi kingekuwa kizima?"

Akaipiga sanamu msasa siku kumi. Kisha, kabla mtu mwingine hajaigusa, akapiga magoti nyuma yake, akavua kofia, akaweka shavu. Shaba ilikuwa imepigwa na jua la asubuhi, ina joto la mwili. Mume wangu alilia pale hadi nikaogopa, halafu akalala. Akiwa amepiga magoti vilevile, akalala usingizi wa mtoto, na mimi nikasimama nikimkinga jua kwa ungo. Ndoto ile haijamjia tena.

Sanamu ipo uani kwetu, inatazama njia. Wengi wakija huzunguka haraka kutafuta uso, na wakikuta uwazi hutuuliza itamalizika lini. Tunawaambia bado.

Jumapili moja tulimleta Mama mdogo. Hakuwa ameambiwa chochote zaidi ya kwamba kazi imekwisha. Aliposhuka kwenye pikipiki tulimpokea mkoba, tukamshika mkono tumpeleke karibu. Akautoa mkono wake. Hakuzunguka, hakuuliza uso. Alisogea nyuma ya sanamu, akasita, akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, akitafuta mahali, mpaka akapapata. Nilihesabu bila kukusudia. Zilikuwa hatua tano. Akavua kandambili, akasimama miguu mitupu kwenye vumbi, bibi wa miaka sitini na saba, na sauti iliyotoka ilikuwa ya msichana aliyechoka sana.

"Dada," akasema. "Punguza mwendo."

Kisha akatembea zile hatua tano, akamfikia.